Mwaka Niliomkataza Binti Yangu Kuzalia Nyumbani

Mtu yeyote wa Kavimvira, hapa Uvira, atakuambia mimi si mwoga. Nilianza kubeba mizigo pale mpakani, njia ya Bujumbura, kabla sijamaliza darasa la tatu. Mgongo huu umevusha unga, sukari, katoni za sabuni, hata friji moja nzima ambayo wanaume wawili waliikataa. Leo nina mashine mbili za kusaga, nina depo ya unga, nina nyumba za kupangisha kwenye avenyu yetu, na zote nilizisimamisha bila mtu kunichorea plani. Watu wenye bunduki wamewahi kuingia kwangu, nikawaongelesha mpaka wakaomba maji ya kunywa wakaenda zao. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kiboko akaja kulala uani, nilimfukuza kwa kugonga karai. Majirani wanasema kiboko alichoka tu na kelele. Sawa, lakini aliondoka.

Kolera ndiyo naiogopa. Nikiwa kijana wa mizigo, dada yangu mdogo alinipikia uji asubuhi, nikanywa, nikaenda mpakani. Niliporudi jua likiwa kali, sauti yake ilikuwa imekwisha. Macho yalikuwa yameingia ndani kama ya kizee, na ngozi ya vidole imekunjana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Tulimpandisha kwenye baiskeli, mimi nasukuma, mama anamshikilia kwa nyuma. Hatukufika. Tangu siku hiyo nikisikia mtu ameharisha tu, hata kama ni maembe, moyo wangu unashuka.

Sasa, watu wa afya walipenda kufanyia mikutano yao kwangu. Sababu ni rahisi: mimi nina viti. Kartie nzima, mtaa wetu wote, hakuna mwenye viti vya plastiki vingi kama mimi, na uwanja wangu una sakafu ya simenti. Kwa hiyo wakaniweka kwenye komite ya afya, mimi niliyeishia darasa la tatu, nikakaa mbele pamoja na wenye diploma.

Siku hiyo alikuja enfirmie wetu, muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, ndiye anayeongoza kituo cha afya cha kartie. Alikuja na bwana mmoja wa meteo, wale wanaopima mvua na hewa, mwembamba, amevaa koti wakati sisi tunatoka jasho. Walitundika ukutani kwangu karata kubwa ya plastiki, ramani inayoonyesha ziwa, mto Ruzizi na bonde lote mpaka Kamanyola. Ukingo wa ziwa ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, ya kolera. Nilitafuta Kavimvira. Ilikuwa ndani ya nyekundu yote, hakuna hata nyumba iliyobaki nje.

Bwana wa meteo alieleza polepole. Kule mashariki kuna bahari kubwa, maji yake ya upande huu yamepata joto kupita kawaida. Joto lile linatuma mvuke, na mvuke unakuja kumwagika kwetu mwisho wa mwaka. Wamepima, wamelinganisha na miaka ya nyuma, wameona kwamba mwaka ukianza namna hii, mara nyingi mvua inazidi, ziwa linapanda, vyoo vinajaa, na kolera inafuata nyuma.

Jirani yangu, mbadilisha pesa wa mpakani, mtu asiyeweza kukaa bila kuchokoza, akanyoosha mkono.

"Bwana, kama unaonaka mbali hivyo, uniambie franka itasimama wapi kesho. Kolera tutaongea kisha."

Watu wakacheka. Bwana wa meteo naye akacheka kidogo.

"Franka haina mawingu, papa. Ile siwezi."

"Basi hii mvua munaijua kweli, ao munabahatisha?"

"Hatusemi itakuwa. Tunasema iko na nafasi kubwa ya kuwa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwaka mpya uingie. Tunawaambia leo juu mupate wakati wa kujitayarisha."

Mimi sikucheka. Nilimwangalia mke wangu, aliyekuwa amesimama karibu na babula la makaa anachemsha chai ya wageni. Na yeye alikuwa ananiangalia. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa Luvungi, kule bondeni, ana mimba ya kwanza, na miezi yake ilikuwa inakwenda kuishia palepale kwenye miezi aliyoitaja bwana wa meteo.

Kwetu msichana aliyeolewa anarudi kwa mama yake kuzaa mtoto wa kwanza. Mama ndiye anamkanda tumbo kwa maji ya moto, anampikia uji, anamfundisha kushika mtoto. Na mama mkwe hawezi kwenda kulala kwa mume wa binti yake. Hata maji ya kuoga hawezi kuomba pale. Kwa hiyo binti ndiye anakuja, hakuna njia nyingine, na mimi nilikuwa nimeshamtengenezea chumba. Niliweka karo chini, vigae vinavyong'aa, nikaleta kitanda kutoka Bujumbura, dirisha nikaligeuza liangalie ziwa ili apate upepo. Nilikuwa nimekionyesha kwa nusu ya kartie.

Wageni walipoondoka nilimzuia enfirmie mlangoni. Nilitaka anihakikishie. Nikamwonyesha tanki langu, kubwa kuliko yote ya avenyu, limesimama juu ya nguzo za chuma.

"Mimi sitekaki maji ziwani kama hawa. Unaona? Binti yangu atakunywa maji ya hapa."

"Tanki linajazwa na nini, Patron?"

"Na bomba."

"Bomba linapita wapi?"

"Chini kule, kama ya kila mtu."

"Maji yanakatika mara ngapi?"

Nikacheka. Hilo si swali la kumuuliza mtu wa Uvira.

"Bomba likikauka," akasema, "na juu yake maji ya mafuriko yamesimama pamoja na ya vyoo, tundu lolote kwenye bomba linavuta nini?"

Nilitazama tanki langu. Nilikuwa nimelipaka rangi ya buluu mwenyewe.

Wiki ile sikulala vizuri. Ajabu ni kwamba nje hakukuwa na kitu. Jua lilikuwa linawaka, ndagala, dagaa wa kwetu, zinakauka kwenye mchanga, ziwa limetulia kabisa. Vita ikija unasikia milio, mwizi akija unasikia mbwa. Hii ilikuwa haina sauti. Nilikuwa naenda ukingoni asubuhi naangalia jiwe moja ambalo wanawake hufulia juu yake, naangalia maji yamefika wapi, narudi. Kisha naenda tena. Mke wangu akauliza kama nimepata mwanamke mwingine kule ziwani.

Nikamwambia binti hatakuja.

Aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha. "Hatakuja wapi?"

"Hapa. Atazalia Luvungi."

"Kwa bakwe? Weye baba watoto, unataka bantu baseme mama yake amekufa?"

"Si kwa bakwe. Nitapangisha nyumba kulekule Luvungi, kwa jina langu. Weye utakaa mule pamoja naye. Nyumba ya baba yake ni nyumba ya baba yake, hata ikiwa ya kupanga."

Aliichukua tena sahani, akaisugua. Halafu akasema neno ambalo lilinichoma. "Unaogopa karata ya ukutani. Siku ya kiboko ulitoka na karai."

"Kiboko nilimuona," nikasema.

Kabla ya kupangisha nilirudi kwa enfirmie, maana kuna jambo lingine lilikuwa linanizungusha. Kwenye karata ile bonde nalo lilikuwa na rangi yake, ya machungwa, kuanzia chini mpaka Luvungi na Kamanyola. Ile ilikuwa malaria. Mvua ikizidi, mashamba ya mpunga yanajaa maji, mbu wanazaana. Yaani nilikuwa namtoa mtoto kwenye rangi moja nampeleka kwenye nyingine. Nikamwomba mama yule anichagulie.

"Sikuchagulii. Nitakuambia ninachojua. Malaria kwa mwenye mimba ni mbaya, usidanganyike. Lakini kuna musikitere ya kufunika kitanda, kuna vidonge vya kukinga anameza kliniki, na homa ikianza unapata muda wa kwenda kupima. Kolera kwa mwenye tumbo kubwa, mtoto anaweza kufa ndani kabla hamjapata pikipiki ya kumpeleka mama."

Nilichagua ile yenye muda.

Baba mkwe wa binti yangu, mkulima wa mpunga, mzee mwenye mdomo, alinipokea Luvungi kwa kicheko. Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba niliyoipata, vyumba viwili, bati zuri, kisima chenye mfuniko nyuma, mbali na choo. Nilikuwa nimeupima umbali ule mwenyewe kwa miguu mara mbili.

"Mukwe, ulitutolea binti, sasa unamfuata mupaka huku? Unataka kumunyang'anya?"

"Nimekuja kukufundisha kulima."

"Weye? Weye unajua kubeba tu." Kisha akashusha sauti. "Sema kweli. Kwetu iko ubaya gani mupaka azalie mu nyumba ya kupanga?"

Nikamweleza habari ya bahari, na joto, na mvuke. Nilieleza vizuri, nafikiri kuliko bwana wa meteo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama mbingu, haina hata wingu la kufuta uso.

"Mukwe," akasema, "bahari ile unaijuaka?"

"Siijui."

"Basi. Tutaona kama na yenyewe inakujua."

Mwezi wa kumi na moja ukaingia mkavu. Hapo ndipo nilipoteseka. Mke wangu ananipigia simu kutoka Luvungi kila asubuhi, swali ni lilelile, "Imenyesha?" Najibu hapana. Ananyamaza, na ule ukimya wake ni mimi niliyeununulia vocha. Mbadilisha pesa akawa akipita mbele ya depo yangu anafungua mwavuli kwenye jua. Wateja wanacheka. Wanawake wa kanisa wakamwuliza mke wangu kwa simu kama ni kweli nimemfukuza binti kwa sababu ya mimba. Nilianza kufikiri kwamba mimi, mtu mzima mwenye mali, nimepelekwa mbio na rangi nyekundu. Siku moja nilitoa simu kuwaita warudi. Namba ilikuwa imeshaita. Nikakata. Sijui nini kilinikatisha; nadhani ni vidole vya dada yangu.

Mvua ilianza siku ya soko. Haikuanza kama mvua ya kwetu inayopiga kelele halafu inakwisha. Hii ilikaa. Ilinyesha, ikapumzika kidogo, ikanyesha tena, na milima ya juu ya mji ikaanza kuteremsha matope na mawe. Ziwa lilipanda taratibu, halina haraka. Jiwe la kufulia lilipotea. Kisha maji yakaingia kwenye avenyu ya chini, watu wakawa wanatoka nyumbani kwa mtumbwi, na kwenye maji yale ukawa unaona vitu ambavyo mtu huvizika ndani ya choo ili asivione tena. Bomba likakauka. Likarudi. Likakauka. Nilifunga koki ya tanki langu nikaifunga na waya juu, mtu yeyote asiifungue. Nikawa nanunua maji kwenye kile kituo ambako vijana wa afya wanatia klorini ndani ya kila bido la kubebea maji, nayachemsha hata hivyo. Watu wakasema Patron amekuwa mzungu.

Wapangaji wangu wa nyumba ya chini maji yaliwatoa. Ni mama mmoja muuza ndagala na watoto wake. Nilikuwa na chumba kitupu, chenye karo na kitanda cha Bujumbura, sikuweza kuwaacha nje. Wakaingia. Nikawaambia maji ya kunywa wachukue kwangu tu, nikawaonyesha dramu. Mama yule aliitika. Lakini alikuwa ameishi kando ya ziwa maisha yake yote, na dirisha lile nililoligeuza lilikuwa linamwonyesha maji hapo chini, hatua chache. Maji ya klorini, aliwaambia watoto, yananuka lopitali.

Asubuhi ya tatu mtoto wake mkubwa aligonga mlango wangu akasema mama hawezi kusimama. Nilijua kabla sijafika. Ile harufu haiko kama ya choo, ni kama maji ya kuoshea mchele yaliyosahauliwa. Alikuwa kitandani, ameangalia dirisha. Alifungua mdomo kunisalimia, sauti haikutoka. Nikashika mlango, mimi mwenye mgongo uliobeba friji. Halafu nikapiga kelele waniletee mkokoteni wa unga, tukamlaza juu ya magunia, tukamkimbiza kituo cha kolera. Safari hii tulifika. Walimwekea serumu kwenye mishipa ya mikono yote miwili. Aliishi, namshukuru Mungu, anauza ndagala mpaka leo. Lakini nilirudi nyumbani kumwagia chumba kile klorini, na nilipokuwa nainua godoro nikasimama nikiwa nimelishika. Niliona tumbo la binti yangu pale. Niliona wazi kabisa. Nikaketi chini kwenye karo, kwenye maji ya dawa, suruali ikalowa.

Ndipo simu ikalia. Mke wangu.

"Uchungu umeanza tangu jana. Tuko kituo cha afya. Na binti yako iko na homa."

"Homa ya nini?"

"Banapima. Kuja."

Unajua njia ya Luvungi wakati wa mvua. Pikipiki ilinipeleka mpaka kwenye mto mmoja uliokuwa umekula kichwa cha daraja. Malori yalikuwa yamesimama mlolongo mrefu, wanawake wanakaanga mihogo kando kana kwamba ni soko la siku zote. Palikuwa na wanaume wanavusha watu mgongoni, maji yakiwafika kifuani. Mmoja alinipima kwa macho.

"Patron, weye ni mizigo mbili."

"Lipisha mbili."

Alinipandisha mgongoni, mwenzake akanishika kiuno. Katikati ya mto maji yalivuta, yule wa chini akateleza, akasimama tena. Miaka yote ile mimi ndiye nilikuwa wa chini. Sikujua mtu wa juu anaogopa kiasi hicho. Hana cha kufanya, anashika tu shingo ya mwenzake. Nilifumba macho. Nilikuwa nafikiri: nilimtoa kwenye nyekundu nikamweka kwenye machungwa, ni mimi niliyechagua, hakuna mwingine.

Kwenye kituo cha afya cha Luvungi mke wangu alinisimamisha kizingitini na mkono kifuani.

"Umetoka wapi?"

"Unajua nimetoka wapi."

"Kuna muntu amegonjwa kule kwetu?"

Nikamwambia. Hakuuliza chumba gani, nami sikusema. Akanivua viatu mbele ya watu, akaninawisha mikono kwa maji ya dawa mpaka kwenye viwiko kama mtoto, akanipa shati la baba mkwe wa binti. Lilikuwa halifungi tumboni. Kisha akaniambia mtoto amezaliwa, wa kike, analia vizuri, na mama yake ana malaria, ameshaanza dawa.

Sikuingia mara moja. Niliketi kwenye benchi la nje pamoja na baba mkwe. Mvua ilikuwa inapiga bati. Alitazama shati lake juu yangu.

"Ile bahari," akasema. Akasubiri. "Inakujua."

Nikavuta tena pande za shati zikutane. Ndani nilisikia binti yangu anatetemeka, kitanda cha chuma kinagonga ukuta. Kila kilipogonga nilijiuliza kama niliogopa kitu sahihi. Enfirmie wa pale alipita na sirinji, akapita tena. Nikamwuliza, akasema tungoje, dawa inahitaji muda. Neno lile lilikuwa ndilo nililolinunua, muda, na sasa nilikuwa nimeketi ndani yake.

Tulingoja siku ile, na iliyofuata. Siku ya tatu asubuhi kitanda kilinyamaza, na mimi nikasimama kwa hofu, maana ukimya nao sikuuamini. Nikaingia. Alikuwa ameketi, uso umelowa jasho, mtoto yuko kifuani ananyonya. Midomo yake ilikuwa imekauka lakini macho yalikuwa mahali pake. Niliyaangalia sana.

"Papa, shati ya nani hii?"

"Ya mukwe."

Alitaka kucheka akachoka. Kisha akasema ana njaa. Mama yake akaweka sahani ya uji mbele, binti akaisukuma. Alitaka samaki, mukeke. Mukeke mbichi wa ziwani, wa kuchoma, na ndimu, na ugali wa muhogo. Miezi yote hii bondeni alikuwa anautamani, alisema, na sasa amezaa, mzazi hanyimwi.

Pale barabarani pikipiki zilikuwa zinapita na mikeke kutoka ziwani, imevushwa mto kwa mgongo, imefungwa kwenye majani. Ningeweza kununua yote. Najua samaki akiiva vizuri hana shida, enfirmie alishatuambia mara nyingi, na mimi ni mtu wa ziwa, nimekua kwa samaki. Niliisimamisha pikipiki moja. Nikafunua majani. Samaki walikuwa wazuri, wanang'aa, maji bado yanawadondoka.

Nikayarudisha majani. Mwuzaji akaniuliza kama nimeona bei kubwa, mimi, na watu wakageuka kuangalia. Nikamwacha aseme. Nilivuka barabara nikanunua kuku, mkubwa, nikamshika miguu, nikarudi naye kwenye mvua.